Maji tunayo, ukuta hatukuwa nao

Barua za mwezi huu nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Kwa wanaokutana na ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Katonga hapa Kigoma, na kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikifundisha watoto kuogelea ziwani. Kwenye ukurasa huu najibu maswali ya maji tu. Ya mahari na mirathi wapelekeeni wenzangu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Gungu. Tangu nihamie huku nawaona watoto wenu wakishuka ziwani alfajiri, na kila mwaka naombwa mchango. Naomba unijibu bila kuzunguka. Klabu yenu imeshinda nini miaka yote hii? Redioni nasikia klabu za Dar es Salaam tu. Sisi tuna ziwa la pili kwa kina duniani, inakuwaje tunashindwa na watu wa mabwawa?

JIBU: Marahaba baba. Medali nne. Nazitaja mapema ili usisome huku ukizisubiri: tatu za shaba na moja ya fedha. Dhahabu hatujapata. Hiyo ya fedha ni ya wasichana wanne walioogelea kwa kupokezana, kila mmoja mita 50, na inaning'inia kwa bibi wa mmoja wao pale Katonga, juu ya kalenda, kwa sababu hatuna ofisi ya kuitundika.

Lakini swali lako la mwisho ndilo nililolala nalo, na kulijibu lazima nianzie mbali kidogo.

Klabu ilianza kwa msiba. Nilikuwa na darasa la nne. Jumatatu moja nikawa naita majina kwenye daftari la mahudhurio, nikafika kwenye jina la mtoto mmoja, darasa zima likanyamaza. Jumamosi alikuwa ameshuka ziwani kuosha masufuria, kusi imekaza, wimbi likachukua sufuria akalifuata. Maji yenyewe pale yalimfika kidevuni. Miguu ingeweza kumrudisha, hofu ndiyo iliyomzamisha. Mimi marehemu baba yangu, mvuvi wa lusenga, ule wavu wa kuchota dagaa, alitufundisha kuelea kabla hatujajua kusoma: lala chali, tia masikio majini, tazama mbingu, pumua. Nikajiuliza, ikiwa mimi mtoto wa mvuvi nimepewa hilo bure, kwa nini mtoto wa mwalimu, wa karani, wa muuza mihogo asilipate? Nikaomba ruhusa ya Jumamosi. Walikuja kumi na mmoja, wasichana wanne.

Mashindano waliyaleta watoto wenyewe. Mtoto akishajua haendi chini, kinachofuata anataka kujua nani wa kwanza. Basi tukahitaji umbali. Mzee wangu alikuwa bado hai. Akachukua kamba ya manila akaipima kwa mikono kama wanavyopima nyavu, pima moja ikiwa ni kutoka ncha ya kidole cha mkono huu hadi ncha ya mkono ule ukiinyoosha yote. Vitabuni pima ni mita 1.83. Nikagawa kwa chaki: mita 25 ni pima kumi na nne kasoro kidogo. Mzee akasema weka kumi na nne kamili, tusiwapunje watoto. Tukafunga mafundo, tukazamisha jiwe kila upande, na juu yake dumu la njano la lita ishirini. Ndiyo ilikuwa njia yetu. Unaogelea mpaka dumu la kule, unalizunguka, unarudi.

Miaka miwili tukapima muda kwenye njia hiyo, na kila muda nikauandika daftarini. Siku moja fundi mwashi, baba wa mwanafunzi wetu, akaja na futi kamba ndefu akataka kuhakikisha. Mita 26 na sentimita 40! Mzee wangu alikuwa mtu mrefu, pima yake si ya vitabuni. Watoto walikuwa wakiogelea mita moja na sentimita arobaini za ziada kila upande, nami nawaambia hamjafikia muda wa wenzenu wa Dar. Niliwaomba radhi mbele ya wazazi wao. Wao walishangilia, maana ghafla kila mtu amekuwa na kasi kuliko alivyodhani.

Tukaenda Dar tukiwa na moyo huo. Watoto sita, mimi na mama mmoja, kwa treni, maana ni kama kilomita 1,250 za reli na nauli ya treni ndiyo tuliyoiweza. Uvinza, Kaliua, Urambo. Tabora wakanunua karanga. Usiku, mchana, usiku. Tulipofika bwawani mtoto mmoja akasimama ukingoni akatazama chini, akaniuliza, "Mwalimu, ule mstari mweusi ni wa nini?" Ziwani chini kuna mawe, na samaki wadogo wa rangi. Hakuwahi kuona maji yaliyochorewa njia.

Sasa nikuonyeshe tulichoshindwa nacho. Mvulana wetu wa Kibirizi, miaka kumi na mitatu, aliingia mita 100 mtindo huru, bwawa la mita 25. Maana yake kwenda na kurudi mara mbili, kuta tatu za kugeukia kabla ya ule wa kumalizia. Alichupa vizuri kabisa, watoto wetu wamechupa kutoka majabalini tangu utotoni. Mita ishirini za mwanzo alikuwa mbele kwa urefu wa mkono. Halafu akaukaribia ukuta. Akapunguza. Akaushika kwa mikono miwili, akainua kichwa, akavuta pumzi, akajigeuza, akaanza upya. Wenzake walikuwa wamejipindua kama samaki wetu mgebuka, nyayo zimegonga vigae, wamejisukuma, wanatokea mita kadhaa mbele naye bado anatafuta pa kuweka mguu. Akawafukuza, akawafikia, ukuta mwingine. Kila ukuta ulimla kama sekunde mbili. Kuta tatu, sekunde sita. Alishindwa kwa tano.

Ndiyo hesabu yote hiyo, baba. Mikono yake ilikuwa na kasi kuliko yao. Ukuta hakuujua, kwa sababu Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na urefu wa karibu kilomita 670, na kote huko hakuna mahali pa kugonga nyayo ukageuka. Mwogeleaji hana mwendo mkubwa kuliko ule wa kuchupa na ule wa kujisukuma ukutani. Mguu uliokanyaga kitu kigumu una nguvu kuliko kiganja kilichoshika maji, na ukiwa chini kidogo ya uso wa maji huburuti wimbi lako mwenyewe. Wakubwa wa mchezo waliliona hilo wakaweka mpaka: kwa mtindo huru, wa chali na wa kipepeo, kichwa lazima kiwe kimetokeza kufikia mita 15. Bila mpaka huo watu wangekwenda chini kwa chini bwawa zima.

Kulikuwa na jambo la pili. Mtoto wa ziwani kila mikono sita au saba anainua kichwa kutazama yuko wapi, kuna mtumbwi au hakuna. Ziwani huko ndiko kuishi. Bwawani, kichwa kikipanda miguu inashuka, unakuwa unaogelea mlima. Na la tatu lilikuwa kosa langu mimi: binti yetu alimaliza wa tatu kwa mtindo wa chura akafutwa, kwa kuwa aligusa ukuta kwa mkono mmoja. Kwenye chura na kipepeo sheria inataka mikono miwili kwa pamoja. Mwamuzi alikuwa sahihi. Mimi sikuwa nimemfundisha, kwa sababu dumu hugusi kwa mikono miwili, unalizunguka. Alilia mpaka Morogoro. Nilimshika mkono njia nzima nikamwahidi ukuta.

Kuujenga ulitutoa jasho. Kwanza tulitengeneza chelezo, madumu kumi na mawili chini ya mbao, na ubao mpana umening'inizwa majini. Ukaelea vizuri. Mtoto wa kwanza alipojisukuma, chelezo kikarudi nyuma na yeye akabaki palepale! Ukuta unaokimbia haukupi chochote. Tukaongeza nanga, ukapunguza kukimbia lakini haukuacha. Mwishowe yule fundi mwashi akapata sehemu kati ya majabali mawili, maji ya kifua, akasimamisha mabomba ya chuma na kuyafungia mbao kwa bolti. Upana wa mlango, si zaidi. Siku ya kwanza watoto walijipanga mstari, wakawa wanakwenda kujisukuma tu, wanarudi kwenye foleni, wanajisukuma tena. Hawakuogelea chochote. Niliwaacha saa nzima.

Ziwa lilipopanda kuanzia mwaka 2020, lile lililofunika mialo na nyumba za kando ya maji, na ukuta wetu ulizama. Tukapandisha mbao. Likapanda tena, tukapandisha tena. Mchango wako wa mwaka jana ulinunua mbao nne za mninga na bolti zake. Njoo uzione, shikilia kwa mkono wako.

Medali zote nne zimekuja baada ya ukuta. Binti wa Morogoro ndiye aliyemalizia ile kupokezana ya fedha, naye safari hii aligusa kwa mikono miwili, ingawa kwa mtindo huru mmoja ungetosha. Klabu za Dar siwanyang'anyi haki yao. Wanastahili kusikika, wana mabwawa, wana walimu wa kila siku, wanashindana mara nyingi kwa mwaka, na kwao wametoka waogeleaji wa taifa. Sisi tunafika huko mara moja kwa mwaka, mwaka mwingine hatufiki.

Na kuna kitu ambacho hakina medali. Vijana wetu wawili waliwatoa wavuvi majini usiku upepo ulipopindua mtumbwi nje ya Kibirizi. Hawakuwarukia. Waliwasukumia madumu matupu yaliyofungwa vifuniko, yenye kamba, kama tulivyowafundisha, maana anayezama akikushika mtazama wote. Ukitaka kujua tumeshinda nini, hilo mimi naliandika ukurasa mmoja na medali.

SWALI: Asalaam alaykum Mwalimu. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja, tupo Ujiji. Anataka kujiunga. Mimi nasita. Watu wananiambia atakuwa na mabega ya kiume, nguo zenyewe za kuogelea hazina stara, na mwakani au mwaka unaofuata ataanza kuona siku zake. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam mama. Nakuelewa, mama yangu mzazi alikuwa na hofu hizohizo, na baba alipotuingiza ziwani yeye alikaa ukingoni ameshika kanga, tayari kutufunika.

Tuanze na nguo. Kwetu wasichana wanavaa suruali ya kubana ya kufika kifundoni na fulana ya mikono mirefu, kitambaa chepesi kisichonyonya maji, na kofia ya kuogelea inayofunika nywele zote. Kwenye mashindano makubwa, kanuni ya mwaka 2010 inaruhusu nguo ya wanawake kutoka mabegani hadi magotini. Kwa hiyo kabla ya siku ya mashindano mwalimu wake awaandikie waandaaji kuuliza kuhusu kufunika zaidi ya hapo. Mimi huandika mapema na kusubiri jibu mkononi, sitaki mtoto akafika ukingoni akarudishwa. Ila nakuomba kwa dhati: asiingie majini na kanga, dera au gauni la pamba. Pamba ikilowa inamvuta miguu. Nimeona msichana mwenye nguvu akishindwa kuelea kwa sababu ya gauni la shule tu.

Mabega yatanyooka, ndiyo. Atasimama wima. Mimi mabega yangu yamenisaidia kubeba watoto watano na ndoo zisizohesabika, na mume wangu hakuwahi kulalamika.

Kuhusu siku zake, maji hayamdhuru. Akijisikia, anaingia na suruali nyeusi. Asipojisikia, anakaa ukingoni ameshika saa ya kupimia muda, na hakuna anayemuuliza. Nimewazoesha hivyo. Wavulana nao hushika saa kwa zamu, kwa hiyo kukaa ukingoni hakumwambii mtu lolote.

Jumamosi kuanzia saa nne ni zamu ya wasichana na kina mama peke yao. Njoo naye. Kama hujui kuelea, nitaanza na wewe. Wanawake waliruhusiwa kuogelea kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na kabla ya hapo huko Ulaya walisemwa kwa maneno karibu sawa na haya uliyoambiwa Ujiji.

SWALI: Mwalimu, mwanangu alipimwa shuleni akakutwa na kichocho. Daktari anasema ni cha ziwani. Je, nimkataze kabisa kuogelea? Mama wa Mwanga.

JIBU: Pole, mama. Kwanza apewe prazikwanteli, akipimwa uzito, maana dozi inafuata kilo. Dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa ila michanga inaweza kuiponyoka, kwa hiyo muulize daktari kama arudie baada ya wiki kadhaa. Usimalizie kwa kuona mkojo au choo kimekuwa safi.

Kuhusu ziwa, jua adui anakaa wapi. Kichocho kinatoka kwa konokono, na konokono anapenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, pale watu wanapooshea vyombo na kujisaidia. Vijidudu hutoka kwa konokono mwanga ukiwa mkali, hasa kuanzia asubuhi iliyokwisha pambazuka mpaka mchana, na vinaingia kwenye ngozi bila kuuma. Ndiyo sababu sisi tunaogelea kwenye majabali, maji ya kina yanayopigwa na wimbi, tena mapema. Jua la Kigoma linachelewa, linatoka karibu saa moja asubuhi, na wakati huo watoto wangu wa mashindano wanakuwa wameshamaliza nusu ya zoezi. Hatari inapungua, haimaliziki. Kila mwaka nawapeleka wote kupima, na mimi napima pamoja nao. Zamu ya saa nne ya wasichana nayo tunaifanyia palepale majabalini, kamwe si kwenye matete.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 17, nasoma sekondari hapa Kigoma. Nimeona Tanzania ilipeleka waogeleaji Olimpiki ya Paris. Kijana wa ziwani kama mimi anaweza kufika huko, au nijidanganye?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usijidanganye, na usikate tamaa. Nitakupa mambo kama yalivyo.

Paris mwaka 2024 bendera yetu majini ilibebwa na Collins Saliboko na Sophia Latiff. Rio mwaka 2016 alikuwepo Hilal Hemed Hilal na Magdalena Moshi, ambaye London mwaka 2012 pia alishiriki. Kuna milango miwili ya kuingia. Wa kwanza ni muda. Kwa mita 100 mtindo huru wanaume, Paris walitaka sekunde 48.34, na aliyeshinda, Pan Zhanle wa China, aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 46.40. Wa pili ni nafasi zinazotolewa ili kila nchi iwakilishwe: nchi isiyo na mwogeleaji aliyefikia muda inaweza kupeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Hata mlango huo una foleni. Lazima uwe umeshindana kwenye mashindano yanayotambuliwa, muda wako uandikwe rasmi, na chama cha kuogelea cha taifa kikujue. Muda wa daftari langu hautambuliwi huko, hata ningeuandika kwa wino wa dhahabu.

Utasikia watu wakisimulia habari za Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Sydney mwaka 2000 wenzake wawili walitoka kabla ya mlio, wakafutwa, akaogelea mita 100 peke yake kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Alikuwa amefanyia mazoezi kwenye bwawa la hoteli, na bwawa la mita 50 hakuwahi kulitumia kabla ya safari hiyo. Mita za mwisho ilionekana kama anazama. Wengi walicheka. Mimi nilipoona picha zile nililia, kwa sababu niliona miguu ikishuka, kichwa kikipanda, na nilijua kila kilichokuwa kinamtokea. Baadaye akawa kocha wa taifa lake. Soma habari zake kwa heshima.

Kwa miaka 17, bwawa la mbio fupi limeshakutangulia. Wenzako wamegeuka ukutani maelfu ya mara tangu wakiwa na miaka saba. Lakini kuna mbio ambazo ukuta haumo. Kilomita 10 za maji ya wazi ziliingia Olimpiki mwaka 2008. Oussama Mellouli wa Tunisia alishinda mita 1,500 bwawani mwaka 2008, kisha mwaka 2012 akashinda kilomita 10 kwenye ziwa la bustani ya Hyde Park, London, akawa wa kwanza kupata dhahabu ya bwawani na ya maji ya wazi. Mle, kile kichwa kinachoinuka kutazama mbele ni ufundi, wanalipa walimu kuwafundisha. Kusoma wimbi ni ufundi. Wewe unavyo vyote viwili. Na maji yetu, nyuzi joto ishirini na kitu kwa mwaka mzima, yapo ndani kabisa ya mipaka ya mbio hizo, ambayo ni kati ya 16 na 31.

Usianze peke yako. Mtumbwi mmoja ubavuni, mtu mzima ndani yake, jaketi okozi, filimbi, na hutoki wakati wa upepo wala kukaribia midomo ya mito yenye mamba. Njoo Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, nikuone ukiogelea kilomita moja bila kusimama. Tutazungumza baada ya hapo.

SWALI: Mwalimu, sisi wa Tabora hatuna ziwa. Tunaweza kutumia bwawa la Igombe? Msomaji, Cheyo.

JIBU: Ndugu yangu, kwa kujifunza kuelea sikushauri. Lile bwawa lilijengwa kwa ajili ya maji ya kutumia mjini, na kwenye maji ya aina hiyo chini ni tope na huoni mkono wako. Mtoto akizama humpati. Tafuteni bwawa la hoteli au la shule, hata dogo, ombeni saa mbili za Jumapili. Dogo lina kuta mbili. Mnaanza na kitu ambacho sisi tulikisubiri miaka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu wangu. Nilikuwa katika wale kumi na mmoja wa mwanzo, wa kumi kwenye mstari, yule aliyekuwa anaogopa samaki. Sasa naishi Kasulu, nina mtoto wa miaka saba na hanisadiki kwamba niliwahi kushindana. Je, muda wangu bado unao?

JIBU: Marahaba, mwanangu wa samaki. Nimelitoa daftari la kwanza kwenye sanduku la bati. Limekula unyevu pembeni lakini ukurasa wako unasomeka, na doa la mafuta ya mgebuka bado lipo, ulikuwa ukila huku nikiandika. Mita 100 mtindo huru, madumu mawili, ziwa shwari: dakika 1 na sekunde 24.

Ila hiyo ni njia ya pima za mzee wangu. Mara nne ya mita 26 na sentimita 40 ni mita 105 na sentimita 60. Nimekaa mezani nikagawa. Kwa mita 100 kamili ni dakika 1, sekunde 19 na nusu, tena ukiwa unazunguka madumu, bila ukuta hata mmoja. Nimeuandika pembeni ya ule wa zamani kwa kalamu nyekundu. Mwanao msomee huo wa pili.